Naomba ushauri: mkate wa mkaa kambini, hamira inakufa kwa joto

Habari zenu wakuu. Mimi ni daktari kwenye kikosi cha kulinda amani, Berbérati, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nikitoka zamu naoka mkate wa kula na wenzangu. Friji ya zahanati ipo, nyuzi 2 hadi 8, ila ni ya chanjo na dawa. Chakula hakiingii humo hata dakika tano. Kwa hiyo hamira inashinda kwenye joto.

Vipimo: unga wa ngano kilo 1, maji mililita 600, hamira gramu 10, chumvi gramu 18. Pakiti mpya inaumua vizuri. Ikishafunguliwa na kukaa, ukiijaribu kwenye maji vuguvugu yenye sukari, dakika 10 zinapita bila povu.

Nimejaribu chachu ya unga na maji tu, inayoumuka yenyewe bila hamira. Maji ya kambi yana klorini, kwa hiyo nayachemsha kwanza. Bado siku ya pili inanuka kama asetoni na unga haushikani. Nadhani kwa joto hili inamaliza chakula mapema, na kuilisha (kuiongezea unga na maji mapya) kila saa 6 ukiwa na zamu ya usiku ni ndoto.

Waokaji, naomba mnisaidie haya mawili. Chachu ngumu, maji nusu ya uzito wa unga, itavumilia saa 12 kwenye nyuzi 32? Na mkaa: naoka kwenye sufuria yenye mchanga ndani, theluthi ya mkaa chini, theluthi mbili juu ya mfuniko, lakini kitako cha mkate kinaungua huku katikati kukiwa kubichi. Nizidishe mchanga ndani ya sufuria, au nitoe mkaa wote wa chini mapema, na baada ya dakika ngapi?