Chumba cha watu wanne, deka mbili, soketi moja: nianzie wapi?

Mgeni_wa_Korido aliuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naingia chuo mwaka wa kwanza na nimepangiwa bweni. Ninachojua mpaka sasa ni kwamba chumba ni cha watu wanne, kuna deka mbili (vitanda vya ghorofa), kila mtu ana kabati la chuma, ukutani kuna soketi moja, na bafu ni la korido nzima. Orodha za vitu vya kubeba nimeziona nyingi, sina shida nazo. Nataka mambo ambayo mtu akiyakosea siku ya kwanza yanamtesa muhula mzima: kitanda cha juu au cha chini, umeme, kunguni, na kuishi na watu watatu nisiowajua. Mafundi na mliosimamia mabweni, nisaidieni.

Mkagua_Vyumba alijibu:

Mdogo wangu, ukipewa funguo usitandike kwanza. Begi liache mlangoni, washa tochi ya simu, shika kadi ngumu ya plastiki. Anza na godoro: mishono ya pembeni, chini ya lebo, kwenye matundu ya hewa. Kisha fremu: pale chaga zinapokutana na ubavu wa kitanda, ndani ya matundu ya skrubu, na ufa kati ya kichwa cha kitanda na ukuta. Pitisha kadi kwenye kila ufa ili kilichojificha kitoke.

Ukitafuta mdudu peke yake utamkosa, maana mchana amejibanza. Tafuta alama zake: nukta nyeusi kama zilizodondoshwa na kalamu ya wino, magamba ya kahawia, na mayai meupe ya kama milimita 1. Nukta ukiifuta kwa pamba yenye maji ikaacha rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kunguni.

Ukiwakuta, ripoti kabla hujalala humo, na usipulize dawa ya kopo. Kunguni wengi wameshazoea dawa hizo, na wasiokufa wanahamia nyufa nyingine au chumba cha jirani. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, au yakae kwenye mashine ya kukaushia yenye moto mkali kwa dakika 30. Mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo anayepiga dawa mara moja na kuondoka hajamaliza kazi; lazima arudi baada ya wiki mbili hivi. Na ukiambiwa "chumba kilifungwa likizo nzima, hakuna kitu", usikubali. Kunguni anakaa miezi bila kula.

Jambo jingine ni fomu ya vifaa. Piga picha kila kilichovunjika kabla ya kusaini, na uandike kwa kutaja kitu chenyewe: "bawaba ya juu ya kabati namba fulani imekatika". Ukiandika "kabati bovu", siku ya kurudisha chumba ubovu wote utakuwa wako.

Fundi_Waya alijibu:

Nichukue la umeme. Wati ni volti mara ampea. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 mwisho wake ni wati 2,990. Sasa piga hesabu ya chumba chenu: chaja ya laptopu 65, simu 20, taa ya mezani ya LED 10. Mara watu wanne ni 380. Ongeza feni ya 50 mnafika 430. Ekstensheni moja nzuri inawatosha kabisa, tena inabaki.

Balaa ni vitu vya kupasha moto. Birika la umeme ni wati 2,000 na zaidi, pasi 1,000 na kuendelea. Viwili hivyo pamoja mmeshavuka. Wengi wanadhani fyuzi itakata papo hapo. Haikati! Fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba zaidi ya 13 kwa muda mrefu, na wakati huo kinachopata moto ni waya na ile sehemu plagi inapokaa kwa kulegea. Ukiona plastiki ya soketi imegeuka njano au kahawia, huenda humo joto kali limeshapita. Usichomeke kitu tena, ita fundi wa bweni.

Mengine kwa haraka:
– Soma ukubwa wa waya ulioandikwa ubavuni mwake. Kwa mzigo wa ampea 13 unataka 1.25 mm². Ulioandikwa 0.75 ni wa kama ampea 6 tu, hata kichwa chake kikiwa na matundu sita.
– Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni, na usiuache waya umejikunja huku unavuta mzigo mkubwa. Joto halina pa kutokea.
– Waya usipite chini ya godoro wala kubanwa na mguu wa kitanda. Deka ni chuma. Ganda la waya likichubuka, kitanda kizima kinaweza kuwa na umeme. Ufunge kwenye nguzo na uuache umelegea kidogo.
– Simu isichajiwe chini ya mto.

Hita ya kuchovya kwenye ndoo sitaki hata kuijadili. Mabweni mengi yanakataza vifaa vya kupasha moto vyumbani, na hapo wasimamizi wana haki.

Bi_Ratiba alijibu:

Juu au chini? Chini pana raha ya kushuka, ila pajue pia kama kochi la wageni wa chumba kizima. Juu hakuna anayekukalia, lakini kuna joto na taa ya dari iko usoni. Ukichagua juu, kingo ya pembeni ipande angalau sentimita 13 juu ya godoro. Godoro nene linaimeza kingo, kwa hiyo usibebe la sentimita 20 kabla hujapima. Tikisa kitanda ukiwa upande wa miguuni. Kikicheza, kaza nati kwanza. Kama panga za feni ya dari zinafikiwa na mkono ukiwa umekaa, usilale hapo. Mwenye kifafa, anayetembea usingizini au anayeamka sana usiku aombe cha chini kwa msimamizi mapema.

Kuhusu wenzako: usiku wa kwanza wote mkiwapo, kubalianeni mambo yenye saa na jina. "Tuheshimiane" haisaidii kitu, kila mtu anaitafsiri kivyake. Semeni taa kubwa inazimwa saa 5 usiku, baada ya hapo ni taa ya mezani. Simu ya kuongea inapokelewa koridoni. Mgeni wa kulala anaombewa ruhusa kwa wote watatu kabla hajafika, maana akishasimama mlangoni hakuna atakayethubutu kukataa. Vya wote ni fagio, ndoo ya taka na ekstensheni. Vilivyobaki vina mwenyewe.

Usafi mgawane kwa kazi, msigawane kwa wiki. Wa zamu ya wiki akizembea mnagundua Jumamosi uchafu ukiwa umeshajaa. Mwenye taka asipotoa, kesho yake tu inaonekana.

Kimya_Kimya alijibu:

Bi Ratiba, nakubali yote, ila naongeza: makubaliano hayo wasiyaandike ukutani. Karatasi ya sheria siku ya kwanza inamfanya aliyeiandika aonekane mnyapara. Itoshe kwenye kundi la simu.

Naongeza kufuli. Watu wananunua kufuli zito halafu komeo limefungwa kwa skrubu zinazoonekana mlango ukiwa umefungwa. Mwizi hahangaiki na kufuli, anafungua skrubu. Pima pia tundu la kabati kabla ya kununua, kufuli nene halipiti. Na ndala za bafuni ni lazima. Ukitoka, kausha katikati ya vidole, fangasi anaanzia hapo.

Mgeni_wa_Korido aliandika:

Asanteni sana, wakuu. Moja la mwisho: nikikuta kunguni na hakuna chumba kingine cha kuhamia?

Mkagua_Vyumba alijibu:

Tenga kitanda chako. Kisogeze sentimita 15 kutoka ukutani, shuka na blanketi visiguse sakafu, godoro livae mfuko wa zipu unaolifunika lote. Kila mguu uuingize kwenye kopo la plastiki linaloteleza ndani na kukwaruza nje. Kunguni wa sakafuni atapanda kwa nje na kudondokea ndani, na kwa kuwa hapandi vizuri sehemu inayoteleza, atanaswa humo. Kwa deka mwenzako wa juu au wa chini lazima afanye hivyo hivyo, fremu ni moja. Makopo yakague kila asubuhi na wapige picha walionaswa, uwaonyeshe wapiga dawa.