Kijana wa dukani aliyeniambia "mwaga nyingi ishike haraka", njoo uone paja langu

Naandika hivi nimeegemea upande mmoja, maana paja la kulia haliguswi. Na sitaki mtu aniambie pole kabla hajasoma mpaka chini.

Jumamosi feni yangu ya mezani ilianguka, shingo ikavunjika, na kipande kidogo kama punje ya mchele sikukiona tena. Februari hii, Kisauni, nyumba ya bati. Kulala bila feni ni kujipika. Nikashuka dukani, nikanunua supaglu, shilingi 50. Kuitoboa, ndani imekuwa jiwe. Nikarudi nayo, kijana akanicheka: "Ami, hiyo ni hewa ya Mombasa." Haya, nikanunua nyingine mbili. Nikamuuliza, nataka ishike upesi niwashe feni kabla ya magharibi, nifanyeje? Akanijibu macho yake yakiwa kwenye simu: "Anika vipande juani vikauke kabisa, halafu mwaga nyingi. Ukimwaga nyingi yashika haraka."

Uongo mtupu! Gundi hii haikauki kama rangi ya ukuta. Inashika ikikutana na unyevu, ule kidogo tu uliotanda juu ya kitu chenyewe. Ndiyo maana hapa kwetu kando ya bahari kichupa ukikifungua leo, wiki ijayo kimejiziba. Sasa wewe wanianikisha plastiki juani saa mbili nzima niufukuze unyevu wenyewe ambao ndio unaofanya kazi! Na ukiimwaga nyingi, ya pembeni inaganda, ya katikati inabaki majimaji, inatafuta pa kutokea.

Kwangu ilipata. Nimekaa barazani na kikoi changu, feni nimeipakata, nabana kwa nguvu zote. Tone likatiririka, likanywewa na kikoi. Sikuwahi hata kulifuta, nikaona kimoshi. Kimoshi, jamani! Halafu moto, kama nimewekewa pasi. Kumbe supaglu na pamba havikai pamoja: ikiingia kwenye nyuzi inashika yote kwa mpigo, na joto linalotoka hapo linaunguza ngozi. Nami kwa ujinga wangu nikakivuta kikoi, na ngozi ikatoka nacho. Mama kule ndani anapiga kelele, "Usivute! Mwagia maji!" Mama yangu hajasoma kemia hata siku moja. Maji baridi kwanza, kisha kitambaa kilichoganda unakilainisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, polepole. Nimejua nimeshachelewa.

Hayajaisha. Gundi iliyochuruzika mbele ya feni nikaifuta kwa asitoni ya dada yangu, ile ya kutolea rangi ya kucha. Gundi ilitoka, sikatai. Plastiki nayo ikalainika, sasa uso wa feni umekunjamana kama chapati iliyotupwa.

Jioni akaja jirani, mzee aliyekuwa akitengeneza redio zamani. Alinitazama tu, akatikisa kichwa. Akakwangua uchafu wangu wote, akaupigia upande mmoja pumzi, haaa, kama mtu anayefuta miwani. Tone moja, kalisambaza likawa jembamba, akabana na kuhesabu mpaka sitini. Basi! Pale palipokosa kipande akanyunyiza beking soda kidogo kwa ncha ya kisu, akadondosha tone: papo hapo, gumu kama jino. Soda tena, tone tena, mpaka pengo likajaa, akamaliza kwa msasa. Dirisha wazi, uso mbali, kwa sababu ule mvuke unachoma macho. Akanionya kuwa kwa soda hakuna kurekebisha, ukikosea umekosea. Na feni akanikataza nisiiwashe mpaka kesho yake, kwamba kushika ni dakika lakini nguvu yake kamili ni siku nzima. Nikalala na jasho langu. Beseni la mama lililopasuka hakuligusa kabisa, alisema plastiki ile laini supaglu haiishiki hata uisomee dua.

Kinachonichoma zaidi ya paja ni hiki. Gundi hii Wamarekani waliikuta mwaka 1942 wakitafuta plastiki angavu ya vilenga shabaha vya bunduki, wakaiacha kwa kuwa ilinata kila mahali. Sokoni iko tangu 1958. Miaka yote hiyo, na anayeniuzia hajui inavyoshika! Onyo la kwenye kichupa nalo limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko mguu wa siafu, tena si Kiswahili. Kama hujui, sema hujui, mimi nitamuuliza mwingine.

Jana nimepita pale nachechemea. Akaniita kwa sauti, watu wote wanasikia: "Ami! Feni imeshika?" Nikapandisha kikoi nikamwonyesha. Akatazama, akaniambia plasta anazo, kumi kumi.