Chunhyang, Oasis au The Handmaiden: ninunue ipi?

Binti_Mkunazini: Wadau, salaam. Natafuta muvi ya Kikorea ya mapenzi yaliyokatazwa. Nimebakiza tatu: Chunhyang (2000), Oasis (2002) na The Handmaiden (2016). Hela ni ya moja tu.

Kaka_Moro: Unaangalia na nani? The Handmaiden ya Park Chan-wook si ya kuwasha sebuleni wazee wakiwepo. Wanawake wawili wanapendana, enzi Korea inatawaliwa na Wajapani, na hakuna kinachofichwa.

Mzee_wa_Reli: Oasis. Mwanamume katoka jela, anampenda mwanamke mwenye mtindio wa ubongo, ndugu wa pande zote wanawaonea aibu. Moon So-ri, aliyeigiza huyo mwanamke, alipata tuzo tamasha la filamu la Venice.

MamaTatu: Mzee, sema yote. Yule bwana anaanza kwa kujaribu kumbaka! Siwezi kuyaita mapenzi.

Mzee_wa_Reli: Kweli dada, ni zito. Ila ndugu wanaomnyanyasa yule mwanamke kwa kutumia jina lake kupata nyumba, wao mbona hawashtakiwi?

Tanga_Raha: Chunhyang ichukue, lakini usinunue ya kutafsiriwa. Mimi niliichukua kibandani. Hadithi yote inabebwa na pansori, hadithi ya kuimbwa ya Kikorea, mwimbaji na mpiga ngoma wake. Chunhyang, binti wa kisaeng (mwanamke wa kutumbuiza wakubwa), kaolewa kwa siri na mtoto wa mkubwa. Gavana mpya anamtaka, anakataa, anachapwa. Kila fimbo ina ubeti wake. Basi pale pale mtafsiri anapiga kelele juu ya wimbo, "Oyaa, anakula mboko!" Nililia kwa hasira. Tafuta yenye sabtaito.

Binti_Mkunazini: Nitaangalia na wadogo zangu.

MamaTatu: Wana umri gani? Hata Chunhyang ina faragha ya chumbani.

Kaka_Moro: Anzeni na Madame Freedom ya 1956, mke wa profesa anayeingia kwenye kumbi za dansi. Hazina ya Filamu ya Korea imeweka muvi nyingi za zamani YouTube, bure. Mjue uzinzi ulikuwa jinai Korea Kusini hadi Februari 2015, kifungo hadi miaka 2.

Mzee_wa_Reli: Na wenye jina moja la ukoo na asili moja hawakuruhusiwa kuoana, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoingilia 1997.

Tanga_Raha: Ukoo mzima? Kwetu pwani binamu anaolewa na sherehe inafana.

Kaka_Moro: Kwenu. Kwetu bara ukoo mmoja ni ndugu, wazee hawapokei hata barua ya posa.

Tanga_Raha: Dini imeruhusu, wazee wanakataza kwa lipi?