Kokoto juu ya nguzo za Namoratunga: zizuiwe au ziachwe?

Hoja: Namoratunga ya Kalokol, eneo la kale kando ya barabara itokayo Lodwar, kaskazini mwa Kenya, ina nguzo 19 za basalti, jiwe gumu la volkano. Waturkana wapitao huweka kokoto juu yake. Husimuliwa kuwa nguzo hizo ni wacheza ngoma waliogeuka mawe. Je, tuweke uzio na kupiga marufuku?

Mhifadhi: Marufuku, ndiyo. Tatizo ni mahali kokoto zinapookotwa. Mtu huinama palepale nguzoni, na mawe ya palepale ni sehemu ya sakafu iliyopangwa na watu wa kale. Lothagam Kaskazini, eneo la nguzo la zama hizohizo, jukwaa la upana wa takriban mita 30 lilifunika watu wanaokadiriwa kuwa 580 au zaidi, waliozikwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Ukiling'oa jiwe la juu, mvua moja ya Turkana inatosha kuchimba mchanga ulio chini yake.

Mwongoza wageni: Uzio ndio utakaochimba! Duara la upana wa mita 30, nguzo ya uzio kila mita 3, ni mashimo 31, kila moja la sentimita 60, ndani ya ardhi ambayo haijachunguzwa yote. Badala yake, tumwage kokoto za kutoka laga (mto mkavu) kando ya barabara, ndogo kuliko ngumi ya mtoto, kila mtu achukue hapo. Desturi ibaki. Bila wapita njia wanaoiheshimu, nani angeilinda sehemu hii?

Mpimaji ardhi: Bango nalo lisiseme "kituo cha nyota". Dai hilo la 1978, kwamba nguzo zilipangwa kufuata nyota, lilizihusisha na nyota au makundi saba ya nyota, lakini nguzo 19 zinatoa mistari 171 kati ya mbili mbili. Mingine itaelekea nyota kwa bahati tu. Isitoshe basalti ina sumaku: dira ikiwa karibu na nguzo, sindano inapotoka. Pimeni kwa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, mkilenga jua.

Mhifadhi: Lundo la barabarani nalikubali, kwa masharti mawili. Kokoto zilizoko juu ya nguzo zisiguswe, maana nazo ni historia. Na kila mwaka kila nguzo ipigwe picha pande nne kutoka sehemu zilezile, ili ikianza kuinama tuone mapema. Lundo likiisha na mtu akarudi kuokota sakafuni, basi uzio ujengwe, nje kabisa ya mawe, kwa vizuizi vinavyokaa juu ya ardhi bila shimo hata moja.