Kadi za mkono: mihuri ya jeli kutoka nje au nichongeshe hapa mjini? Na wino upi?

binti_malindi
Asalaam aleikum wenzangu. Naomba ushauri wa haraka kabla ya Ijumaa. Shangazi yangu anarudi kutoka Maskati na ameniuliza anichukulie nini. Nataka kuanza kutengeneza kadi kwa mkono, za kupiga mihuri, siyo zile za kuchapisha kwa kompyuta. Sasa niko njia panda. Ama nimwambie aniletee seti ya mihuri ya jeli, ile ya kubandika kwenye kibao cha plastiki unaona mpaka chini, pamoja na pedi za wino za rangi rangi. Ama pesa hiyo nimpe fundi anichongee mihuri ya mbao yenye nakshi zetu, na wino nitafute mwenyewe. Kipi bora? Na wino wa maji au pigimenti, ule mzito unaokaa juu ya karatasi? Nina laki mbili na nusu, basi.

fundi_nakshi
Waaleikum salaam. Bora kwa kazi gani? Kadi ngapi? Karatasi ipi? Umeuliza kama mtu anayetaka kujua apande boti au daladala, na hajasema anakwenda wapi.

binti_malindi
Haya, samahani. Kadi za Idi na za harusi. Nyingine nitaweka dukani kwa jamaa yangu Shangani, wageni wanapenda vitu vya mkono.

mama_zai
Shoga, jeli. Usihangaike. Unaona mahali unapopiga, kwa hiyo maandishi hayaendi upande. Mie ninayo mwaka wa tatu huu, naiosha kwa maji na sabuni kidogo, naikausha kivulini, nairudisha kwenye plastiki yake. Usiiache juani tu, inageuka manjano halafu inakakamaa. Na wino chukua wa maji, unanywewa na karatasi na kukauka upesi, mara umemaliza unatia kwenye bahasha.

MpembaWaChake
Yakhe, laki mbili na nusu kwa mihuri? Chukua malapa mabovu, yale mazito, uyaoshe vizuri. Chora ua lako kwa kalamu, kata kwa wembe, bandika kwenye kipande cha mbao, piga. Mie nawafundisha watoto wa skuli hivyo hivyo hapa Chake na kadi zao za Idi zinapendeza kuliko za dukani. Kwa umbo dogo unachonga kwenye raba ya kufutia. Mbatata pia inafaa, lakini kesho yake imeshanywea.

fundi_nakshi
Malapa ni ya watoto, na nasema kwa heshima zote. Huwezi kutoa mstari mwembamba kwenye sponji. Dada, ukitaka kitu ambacho mgeni atakishika na kusema hiki kimetoka Unguja, chongesha. Seti ya kutoka nje ina maua ya waridi, keki na vikombe vya chai. Nani anakuja Shangani kununua waridi? Mie naweza kukuchongea karafuu, msumari wa mlango, mnyororo wa pembeni ya mlango, yungiyungi. Wazee wakisema hata kanga za mwanzo zilipigwa chapa kwa mbao hapa hapa.

Nitasema na ubaya wake kabla hajausema mwengine. Mbao ni ngumu na meza ni ngumu, kwa hiyo ukipiga vivi hivi katikati panabaki peupe. Weka gazeti lililokunjwa au kipande cha blanketi chini ya karatasi. Na usichongeshe maneno madogo, nakshi tu.

binti_malindi
Lakini maneno ndiyo hasa nayataka 😅 "Idi Mubarak" kwa herufi za Kiarabu.

fundi_nakshi
Basi mpelekee mtu wa mihuri ya maofisi akukatie kwenye mpira. Na umkumbushe kugeuza. Nimeshaona muhuri wa Kiarabu uliochongwa bila kugeuzwa, ukipigwa unasomeka kwenye kioo tu. Aliyechonga hakuwa anajua kusoma na mwenye muhuri naye aliulipia bila kuujaribu.

stempu_za_kale
Nimefungua mada hii nikidhani mnazungumzia stempu. Nimevunjika moyo. Lakini maadam nimeshafika: mnajua kwamba stempu za kwanza za Zanzibar, mwaka 1895, zilikuwa ni stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, zikapigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake? Na chapa nyingine zilikosewa, zikatoka "Zanzidar". Hizo leo watu wanazisaka dunia nzima.

mama_zai
😂😂 Zanzidar! Hata wakoloni walikuwa na haraka ya Idi.

mwl_mkunazini
Turudi kwa mwenye mada. Swali la fundi halijajibiwa: karatasi ipi? Karatasi ndiyo inayochagua wino, siyo wewe. Na kadi ngapi?

binti_malindi
Kadi 120 za duka na Idi, na 40 za harusi ya binamu yangu. Karatasi nimeshanunua, manila nyeusi nzito, na nyingine nyeupe ya kung'aa kwa ajili ya harusi.

mwl_mkunazini
Subhanallah. Sasa ndiyo unasema! Wino wa maji kwenye manila nyeusi hauonekani. Ni kama kuandika kwa kalamu ya buluu kwenye ubao wa skuli. Unapita ndani ya karatasi na weusi unaumeza. Hapo lazima pigimenti nyeupe au ya dhahabu, kwa kuwa hiyo inakaa juu ya karatasi, hainywewi. Na kwa sababu hiyo hiyo, kwenye karatasi ya kung'aa pigimenti haikauki. Hauna pa kuingia, unabaki juu unateleza. Kwa hiyo karatasi zako mbili zinataka wino wa aina mbili, na wewe unauliza uchague mmoja.

mama_zai
Mwalimu umenikumbusha msiba wangu. Ngojeni niwasimulie, na wewe binti soma mpaka mwisho.

Harusi ya mtoto wa dada yangu, kadi 80, nikajitia kimbelembele kwamba nitazifanya mimi, zawadi yangu kwa bibi harusi. Nikanunua karatasi ya kung'aa, kama yako hiyo hiyo, na pedi ya pigimenti ya dhahabu. Nikapiga ua kila pembe na majina katikati kwa muhuri wa mpira niliokatisha. Nikazitandaza kitandani, kwenye mkeka, juu ya friji, nyumba nzima kadi. Wanangu walilala ukumbini siku mbili. Ilikuwa masika, mvua haikatiki, nguo zenyewe hazikauki seuze wino. Siku ya pili nikagusa kwa kidole, nikaona pamekauka. Kumbe ilikuwa ngozi ya juu tu. Nikazipanga kumi kumi, nikafunga kwa utepe, nikazitia kwenye boksi.

Siku ya tatu nafungua. Kila kadi imepiga chapa mgongoni mwa mwenzake, jina la bibi harusi kinyumenyume. Nililia. Dada yangu akasema nyunyizia poda ya mtoto ikauke. Nikanyunyiza, nikapangusa, dhahabu ikawa kijivu, na kadi zote zikanuka kama mtoto mchanga. Muda hamna tena, zikagawiwa hivyo hivyo. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alitia yake kwenye mfuko wa kifuani wa kanzu nyeupe, kanzu ya ijumaa, na akaingia nayo msikitini ana ua la dhahabu juu ya moyo. Mpaka leo akiniona njiani ananiuliza kama zimeshakauka.

Ndiyo maana nakwambia wino wa maji. Badilisha karatasi.

Karafuu77
Pole mama Zai lakini nimecheka mpaka basi 😭 Kosa halikuwa la wino, ni la kutotia poda ya embosi. Pigimenti inakawia kukauka, na hiyo ndiyo faida yake. Ukishapiga muhuri, kabla haijakauka, unamimina poda ya embosi, unakung'uta iliyozidi irudi kwenye kikopo, halafu puliza joto. Poda inayeyuka, inavimba, inang'aa kama imemwagiwa dhahabu. Inakaa kwenye karatasi nyeusi, ya kung'aa, yoyote. Binti mwambie shangazi alete pedi moja ya wino mzito usio na rangi, poda nyeupe moja na ya dhahabu moja. Basi, hutaki pedi kumi.

MpembaWaChake
Na joto linatoka wapi? Umeme wenyewe leo upo kesho haupo.

Karafuu77
Siyo mashine ya kukaushia nywele, hiyo inapeperusha poda yote kabla haijapata moto wa kutosha. Mimi natumia bloa, ile mafundi simu wanayofungulia vipuri. Nikikosa umeme nashika kadi juu ya pasi ya mkaa, mbali kidogo, naizungusha. Ukizubaa inaungua, nakwambia ukweli. Na kabla ya kupiga muhuri pangusa karatasi kwa kitambaa chenye poda ya mtoto kidogo tu, la sivyo poda ya embosi inaganda kila mahali ulipoweka kidole chenye jasho. Kwa hali yetu ya hewa hilo halikwepeki.

mama_zai
Poda ya mtoto tena! Mie siirudii.

abu_swaleh
Samahanini, naingilia. Kuna jambo hamjalitaja. Tafadhali kwenye kadi msiandike Bismillah wala aya. Harusi ikiisha kadi zinatupwa. Nimeziokota mwenyewe jaani, zimekanyagwa.

Karafuu77
Sheikh, "Idi Mubarak" siyo aya.

abu_swaleh
Sikusema ni aya. Nasema za harusi. Za Idi hewala.

fundi_nakshi
Hapo niko na abu_swaleh. Mtu akija kunichongesha aya kwa ajili ya kadi namwambia nitakuchongea nakshi, aya andika kwenye ubao wa ukutani. Wengine wananuna.

mwl_mkunazini
Wengine wataandika tu. Kadi zote za harusi nilizonazo kabatini zina Bismillah, na siwezi kuzitupa sasa, zimejaa boksi zima. Nifanyeje nazo?

abu_swaleh
Zichome pahala safi au zizike. Hilo ni jambo la kumuuliza mwalimu wako wa chuo cha Qurani.

stempu_za_kale
Jamani, kwa anayedhani muhuri wa mkono ni wa kizamani: baada ya Mapinduzi, stempu zilizokuwepo posta, zenye picha ya Sultani, ziligongwa "JAMHURI 1964" kwa muhuri wa mkono. Ndiyo maana huoni mbili zilizokaa sawa. Nyingine imelala, nyingine wino umejaa. Huo ni muhuri wa mkono, mabibi na mabwana.

MpembaWaChake
Sasa hiyo ya Zanzidar mtu akiwa nayo anauza wapi? Babu yangu aliacha barua nyingi.

stempu_za_kale
Nitumie picha faraghani. Usiing'oe kwenye bahasha! Na usijipe matumaini, za kughushi ni nyingi.

binti_malindi
Nimesoma zote, ahsanteni sana. Nimezidi kuchanganyikiwa lakini angalau najua kwa nini 😂 Nimempigia shangazi, anasema dukani alikokwenda mihuri ya jeli ipo ya maua na ya vikombe vya chai (fundi ulijuaje?), poda ya dhahabu ipo, nyeupe imekwisha. Wino usio na rangi hawaujui. Kwa hiyo labda poda nichukue, mihuri nichongeshe. Au karatasi ya kung'aa nirudishe dukani? Wamesema hawarudishi. Fundi, muhuri mmoja wa mnyororo na mmoja wa karafuu, ukubwa wa kiganja, kiasi gani? Na uwe umekwisha lini?

fundi_nakshi
Kadi yako ina ukubwa gani? Karatasi ya A4 ukiikata katikati halafu ukaikunja unapata kadi ya sentimita kumi na nusu kwa karibu kumi na tano. Muhuri wa kiganja utaijaza yote, jina litakaa wapi?

binti_malindi
Nimeshazikata. Zimetoka za mraba.

mwl_mkunazini
Na bahasha za mraba utazipata wapi?