Mnaotangaza mshindi usiku wa matokeo wakati vituo vingi havijaingia, MNATUHATARISHIA MAISHA!

Wakuu salama? Mimi si salama hata kidogo, hasira zimenijaa mpaka hapa kooni, nimeona nifungue uzi kabisa kuliko kuendelea kubishana kwenye magrupu ya WhatsApp ambako ukiuliza swali moja tu la msingi unaambiwa umetumwa na upande wa pili.

Iko hivi. Kila uchaguzi mkuu, ukifika tu usiku wa kuhesabu, kuna masanduku hata lakiri haijakatwa lakini tayari kuna mtu kashampata rais. Anatupia picha kaipiga kwenye tivii, grafu mbili, moja ndefu moja fupi, juu yake kaandika TUMEMALIZA KAZI. Sasa ikuze hiyo picha, shuka kule chini pembeni kwenye yale maandishi ambayo hata mwenye miwani anayatafuta, ndo unakuta vituo vilivyoingia havifiki hata moja ya kumi ya vituo vyote. Na kwa hicho hicho kipande watu wameshatoka na pikipiki wanapiga honi, wengine wamejifungia ndani wanalia, wengine wanatukana kabila la mtu, majirani waliokuwa wanaazimana chumvi jana leo hawasalimiani. Kwa namba ambayo saa tatu baadaye haipo tena!

Naomba nieleweke. Ukinipa namba ya kura bila kuniambia ni vituo vingapi kati ya vingapi, na vimetoka upande gani wa nchi, hujanipa matokeo. Hata kama imesomwa na mtangazaji kavaa tai. Hata kama imesomwa na tume ya uchaguzi yenyewe, na hao tume nitawafikia, wasidhani nimewasahau.

Mimi nimeshakaa kituoni kama wakala wa chama, kwa hiyo naongea kitu nilichokishuhudia. Muda wa kufunga ukifika mnafunga foleni, waliokuwa ndani ya foleni wanamalizia kupiga, halafu ndo kazi inaanza. Msimamizi anasoma namba ya lakiri kwa sauti mawakala wote wakiandika, anaikata, kura zinamwagwa mezani. Ananyanyua moja moja, anaigeuza upande huu na ule ili kila wakala aione alama iko wapi, anataja jina, inaenda kwenye fungu lake. Sasa subiri ije ile ambayo tiki imeangukia kwenye mstari katikati ya wagombea wawili. Hapo kila kitu kinasimama, huyu anasema mkia wa tiki uko kwetu, yule anasema kichwa cha tiki kiko kwetu, msimamizi anafungua kitabu cha maelekezo, na kila mtu ana njaa tangu alfajiri. Mkimaliza hilo mnajaza fomu, mnakuta kura zilizohesabiwa zimezidi karatasi zilizotolewa kwa kura MOJA, basi mafungu yote yanarudiwa upya. Ndipo mnasaini, kila wakala anapewa nakala yake, na moja inabandikwa mlangoni.

Hiyo karatasi ya mlangoni ndo matokeo, mengine yote ni kuijumlisha tu.

Sasa sikia kilichonikera mpaka leo. Tukiwa katikati ya ubishi wa hiyo tiki, simu ya wakala mwenzangu ikalia, kuangalia, kituo kimoja cha televisheni kimeshatangaza nani anaongoza kwa mbali jimbo letu. Jimbo letu sisi tuliokaa pale na mafungu mezani hayajaisha! Nje watu wakaanza kushangilia na wengine kugonga madirisha wakitaka kujua kwa nini "tunachelewesha" matokeo ambayo tivii imeshayatoa. Msimamizi, dada wa watu mpole kabisa, mikono ikaanza kumtetemeka kwenye fomu. Nani aliyemweka kwenye hatari ile? Mtu aliyekaa studio kwenye kiyoyozi ambaye hajui hata mlango wa kile chumba umeelekea wapi.

Na msiniambie "ah lakini mkuu si inaonyesha mwelekeo." Haionyeshi! Vituo vinavyoingia kwanza havichaguliwi kwa bahati nasibu. Vinatangulia vyenye wapiga kura wachache kwa sababu vinamaliza kuhesabu mapema, vinatangulia vilivyo karibu na kituo cha majumuisho, vinatangulia vyenye mtandao. Kule ambako fomu inasubiri boti au gari lililokwama kwenye tope inaingia kesho yake au keshokutwa. Kama upande mmoja una nguvu mjini na mwingine una nguvu kijijini, au mmoja ana nguvu kusini na kusini ndo kumeingia, basi unachokiona saa nne usiku ni ngome ya mtu mmoja tu. Ni sawa na kuonja mboga kabla hujakoroga chumvi halafu ukaitangazia nyumba nzima kwamba imezidi.

Mifano ipo ya kumwaga. Kenya, tarehe 27 Desemba 2007 watu wakapiga kura, hesabu za mwanzo Raila Odinga anaongoza kwa tofauti kubwa tu, tarehe 29 chama chake ODM kikajitangazia ushindi, huku pengo linazidi kupungua na tume inasuasua, tarehe 30 mwenyekiti Samuel Kivuitu akamtangaza Mwai Kibaki na jioni ile ile akaapishwa. Mnajua kilichofuata. Tume ya Waki, iliyoundwa kuchunguza zile ghasia, ilihesabu waliokufa 1,133. Na tume ya Kriegler ilipochunguza uchaguzi wenyewe ikasema uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kwa haki. Sisemi ni namba za kwenye tivii peke yake zilizoua wale watu, kulikuwa na wizi, kulikuwa na chuki za ardhi za miaka mingi, kulikuwa na polisi waliopiga watu risasi. Lakini mtu aliyelala na ushindi mkononi akaamka hauna, huyo huwezi kumwambia chochote akakusikia, hata ungekuwa unamwambia ukweli mtupu.

Na wale mnaopenda kusema haya ni mambo ya Afrika, hebu nendeni Marekani mwaka 2000. Usiku wa tarehe 7 Novemba televisheni zikampa Al Gore jimbo la Florida wakati upande wa magharibi wa jimbo hilo hilo watu BADO WANAPIGA KURA, kwa sababu kule saa ziko nyuma kwa saa moja. Baadae wakafuta. Usiku wa manane wakampa George W. Bush, Gore akampigia mwenzake simu kumpongeza, halafu Gore akapiga simu ya pili kuondoa pongezi zake, alfajiri tivii nazo zikafuta tena. Ikaenda mpaka mahakama yao ya juu kabisa mwezi Desemba na tofauti iliyobaki kwenye vitabu ni kura 537. Nchi yenye mitambo yote hiyo! Na mwaka 2020 Pennsylvania kura za posta zilikuwa haziruhusiwi kisheria hata kuanza kuandaliwa mpaka siku ya uchaguzi yenyewe, kila mtu anayefuatilia alijua zitahesabiwa mwishoni na nyingi ni za upande wa Biden, mpinzani wa Trump, ilisemwa wiki kadhaa kabla, lakini Trump alipoongoza usiku akasimama akasema kashinda, na kura zilipoendelea kuhesabiwa mamilioni wakaamini kuna mtu anaziingiza kwa mlango wa nyuma. Kuna watu mpaka leo ukiwaambia vinginevyo wanakugombeza.

Haya, tume za uchaguzi, sasa zamu yenu, maana nyinyi ndo mnalea huu ujinga.

Mnakaa kimya usiku mzima. Mwenyekiti anatokea kwenye meza ya maua anasoma majimbo mawili matatu kwa sauti ya msibani, hasemi yaliyobaki ni mangapi, hasemi kwa nini ameanza na hayo, anainuka anaondoka, waandishi wakiuliza anasema subirini utaratibu. Utaratibu gani? Mtu anayesubiri hatma ya nchi yake miaka mitano ijayo unamwachia saa kumi za ukimya halafu unashangaa amekula uongo wa mtandaoni! Mkikaa kimya kuna mtu atajaza, na anayejaza mara nyingi si mtu mwema.

Halafu kuna tume zinazotiririsha namba bila fomu. Kenya tena, 2017, namba za rais zilianza kumiminika kwenye skrini usiku ule ule wa tarehe 8 Agosti, watu wakauliza fomu 34A za vituo ziko wapi tulinganishe, hakuna jibu la maana, tarehe 11 mshindi akatangazwa. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta uchaguzi wa rais wote. Mara ya kwanza Afrika. Namba zilikuwa nyingi tu, kila mtu alikuwa anaziona, kilichokosekana ni karatasi.

Mwaka 2022 wakabadilika, fomu za vituo zaidi ya 46,000 zikapandishwa kwenye tovuti ya tume, mwananchi yeyote mwenye bando anafungua fomu ya kituo chake anaikagua. Hilo nalisifu kwa moyo wote, ndo ninalolidai kila mahali. Lakini hata hapo waharibifu hawakukosa kazi. Vyombo vya habari kila kimoja kikajumlisha kwa mpangilio wake, huyu kaanza na kaunti hizi yule na zile, kwa hiyo muda ule ule ukigeuza chaneli Ruto anaongoza, ukigeuza nyingine Raila anaongoza, zote zinatoa kwenye fomu zile zile! Watu wakapata kichaa. Kuna chaneli zikapunguza mwendo katikati ya safari watu wakaachwa hewani. Walichotakiwa kufanya ni kuandika kwa herufi kubwa kabisa, kubwa kuliko sura ya mgombea, VIMEINGIA VITUO KADHAA KATI YA 46,229, VILIVYOBAKI VIKO HAPA NA HAPA. Gharama yake ni nini? Hakuna. Hawataki kwa sababu "anaongoza kwa mbali" inaleta watazamaji na "bado hatujui" haileti.

Na tume nayo inakosea kujumlisha, msidhani ni malaika. Gambia 2016, rais Yahya Jammeh alishindwa, akampigia mpinzani wake Adama Barrow simu kukubali, dunia nzima tukashangaa, halafu siku chache baadae tume ikasahihisha hesabu zake na pengo likapungua. Barrow alibaki mshindi. Lakini tarehe 9 Desemba Jammeh akageuka akakataa matokeo yote, na kosa hilo la hesabu likawa moja ya sababu alizozishikilia. Ilibidi majeshi ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yaingie ndo aondoke Januari.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, nawajibu kwa pamoja maana siwezi kufuata mmoja mmoja.

Mnaosema kwa hiyo nataka raia wasitoe matokeo mpaka tume iseme, hapana, tena hapana kabisa. Picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni ni haki yako, ipige, ihifadhi, itume. Vyama vyenye mawakala makini vinajua ukweli kabla ya tume. Ghana Desemba 2024 Bawumia, mgombea wa chama tawala, alikubali kushindwa siku moja tu baada ya kura, tume bado haijatangaza, kwa sababu chama chake kilikuwa na hesabu zake kikaona mlima haupandiki. Ninachopinga ni kuchukua fomu ishirini ukaziita nchi.

Mdau mmoja kasema dawa ni kuzima intaneti usiku huo ili watu watulie. Ndugu yangu, Uganda walizima Januari 2021, Kongo ya Kinshasa walizima baada ya kura ya Desemba 2018, nani alitulia? Ukizima intaneti uongo hauzimiki, unaenda kwa mdomo, na huyo mwenye picha ya fomu ya kweli ndo unayemfunga. Wanaozima wanajua wanachokificha, usiwasaidie kutafuta sababu.

Na yule anayeniambia "mbona unalalamika, upande wako si ulishindwa," sijakuambia upande wangu popote kwenye uzi huu na sitakuambia. Upande wangu ukitangaziwa ushindi kwa vituo vya kuokoteza nitakuja hapa hapa kupiga kelele hizi hizi.

Kwa uchaguzi unaokuja naomba tukubaliane humu ndani. Mtu akileta asilimia bila idadi ya vituo, aulizwe mara moja, akishindwa kujibu mods (wasimamizi wa jukwaa) wafute. Mwenye fomu aweke picha nzima, jina la kituo lisomeke, saini za mawakala zionekane, jumla ya chini isikatwe. Nani yuko tayari kusaidia kuzipanga kwa majimbo usiku huo? Aseme hapa chini.