Je, kuficha majina kwenye maombi ya kazi kunaondoa upendeleo?

Mizani: Wadau, hoja yangu ni kwamba mwajiri asione jina, picha wala umri wa mwombaji mpaka orodha ya wanaoitwa kwenye usaili ifungwe. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha jaribio la Boston na Chicago: maombi karibu 5,000 ya kubuni, sifa zinalingana, majina tofauti. Majina ya Kizungu yalipata mwito mmoja kwa kila maombi 10 hivi. Majina ya Wamarekani weusi, mmoja kwa kila 15. Hapo kilichohukumiwa ni jina tupu.

Kokoto: Mkuu, hilo linathibitisha ugonjwa, si dawa. Ufaransa waliijaribu dawa yenyewe 2009 na 2010: majina yalipofichwa, waombaji wenye asili ya wahamiaji waliitwa wachache zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba pengo la muda mrefu bila kazi husomwa kwa uelewa afisa akijua mwombaji katoka wapi. Ukificha jina, uelewa unaondoka, pengo linabaki.

Mizani: Sema na hili basi: kampuni zile ziliingia kwa hiari. Zenye nia njema ndizo zilizojitokeza. Dawa haipimwi kwa wazima.

Tarishi: Nyote mnajadili jina kana kwamba ndilo pekee linalomtambulisha mtu. Shule, mwaka wa kuhitimu, anwani, lugha anazozijua, vyote vinafichua asili, umri na kipato. Kufuta mstari wa kwanza ni kazi bure! Wekeni wasifu kando, toeni maswali manne au matano yanayohusu kazi yenyewe. Kabla ya kufungua maombi, andikeni jibu la alama 1, 3 na 5 likoje. Sahihisheni swali la kwanza la waombaji wote, ndipo la pili, maana jibu zuri la mwanzo humbeba mtu hadi mwisho. Kila swali mpangilio wa karatasi ubadilishwe. Wasahihishaji wawe wawili, kila mmoja peke yake. Wakipishana alama mbili, kila mmoja aandike sababu.

Kokoto: Hapo nakubali. Lakini usaili unafuata, na huko sura na lafudhi havifichiki. Kila mtu akiulizwa maswali yake, au kamati ikizungumza kabla ya kila mjumbe kukabidhi alama zake, anayesema kwanza ndiye anayeamua na kazi yote ya awali imepotea. Mimi ningerekebisha usaili kwanza, majina baadaye.